Tusitafute Aziz Ki mwingine

Tangu Stephane Aziz Ki aondoke Jangwani kwenda Wydad Casablanca, vijiweni kuna swali moja tu: Aziz Ki mpya ni nani? Kila jina linalotajwa kwenye tetesi za usajili linapandishwa kwenye mzani huo huo. Huyu naye anatumia mguu wa kushoto. Yule naye ni fundi wa faulo. Mwingine ametokea Ivory Coast, basi imetosha, mashine imepatikana, kana kwamba pale Abidjan kuna kiwanda kinachofyatua akina Aziz Ki kama matofali.

Ukivuka kwenda Msimbazi unakutana na kilio kingine. Simba imepoteza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya RS Berkane, kisha ikaukosa ubingwa wa Ligi Kuu Bara siku ya mwisho, Juni 25, ilipolala 2-0 kwa Yanga katika mechi ambayo timu hizo ziliingia uwanjani zikitofautiana pointi moja. Hukumu ya mashabiki wake ni fupi: tuleteeni straika wa mabao 20. Tuleteeni muuaji.

Nawaelewa wote. Shabiki aliyelipa kiingilio na kununua jezi ana haki ya kudai. Ila madai yote mawili naona yamekaa vibaya. Mchezaji akiondoka, kinachobaki wazi ni kazi alizokuwa anazifanya. Sura yake, mguu wake na nchi yake vinaondoka naye kwenye ndege. Na kazi za mtu mmoja zinaweza kugawanywa kwa watu watatu, timu ikawa bora kuliko ilivyokuwa. Hilo tumeliona hapa hapa kwetu, tena si zamani.

Ingekuwa ni maneno ya kijiweni tu ningenyamaza, maana kijiwe bila ubishi si kijiwe. Tatizo ni kwamba viongozi wa klabu zetu wana masikio. Wanasikia tunachopiga kelele, na mara nyingi wanasajili ili watunyamazishe sisi kabla ya kumsikiliza kocha. Kelele zetu zinaishia kwenye mikataba, na mikataba inataka pesa.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2023. Fiston Mayele anaondoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri. Msimu aliouacha nyuma yake alifunga mabao 17 kwenye ligi, akigawana kiatu na Saido Ntibazonkiza aliyemaliza msimu akiwa Simba. Afrika ndiko alikotisha zaidi: mabao saba, mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho, na Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini tu, baada ya kufungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa na kushinda 1-0 kule Algiers. Mtu wa namna hiyo akiondoka, kilio kinaeleweka. Mwananchi gani hakusema "tumekwisha"?

Likaanza zoezi la kutafuta Mayele mpya. Akaletwa Hafiz Konkoni kutoka Ghana. Maskini wa Mungu, kila mechi alipimwa kwa ule mtetemo wa Mayele, hata staili ya kushangilia alidaiwa. Hakumaliza msimu. Dirisha dogo akaja Joseph Guede. Huyu walau alifunga, tena aliifunga Simba Aprili 2024 siku Yanga iliposhinda 2-1, lakini naye hakuwa Mayele na msimu uliofuata hakuwa tena Jangwani.

Sasa niambie, msimu huo Yanga ilikufa? Ilichukua ubingwa mapema, Azam na Simba zikabaki kugombania nafasi ya pili kwa pointi 69 kila mmoja, Azam ikapita kwa tofauti ya mabao. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ilifika robo fainali, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya suluhu mbili, na ule mpira wa Aziz Ki uliogonga mwamba na kudunda pale mstarini kule Pretoria unajadiliwa mpaka leo.

Mabao ya Mayele yalitoka wapi? Angalia ile siku ya 5-1, Novemba 2023, ambayo ndugu zangu wa Msimbazi watanisamehe kwa kuitaja. Waliofunga ni Kennedy Musonda, Aziz Ki, Maxi Nzengeli mara mbili na Pacome Zouzoua. Angalia ile 4-0 dhidi ya CR Belouizdad iliyoipeleka Yanga robo fainali: Mudathir Yahya, Aziz Ki, Musonda, Guede. Mechi mbili kubwa kuliko zote za msimu, na kila moja ina wafungaji wanne tofauti.

Hiyo ndiyo siri ambayo hatukuisema vya kutosha. Aliyeziba pengo la Mayele hakuwa namba tisa. Waliliziba Pacome na Maxi, waliosajiliwa dirisha lile lile kutoka ASEC Mimosas na Maniema Union, pamoja na Aziz Ki aliyekuwapo tayari na akaachiwa nafasi ya kusogea mbele zaidi. Kocha Miguel Gamondi alibadili timu kutoka ile ya kumtafuta mtu mmoja kwenye boksi, ikawa timu ambayo mabeki wa upinzani hawajui wamkabe nani. Aziz Ki akamaliza na mabao 21. Kama Konkoni angekuwa kweli ni Mayele mpya, nina shaka kama tungeuona msimu ule wa Aziz Ki.

Simba nao wana hadithi yao, na kwao iliuma. Mwaka 2021, wakiwa wametoka kuchukua ubingwa wa nne mfululizo, waliwauza watu wawili dirisha moja: Clatous Chama akaenda RS Berkane, Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Biashara ile siilaumu. Miquissone alikuwa ameifunga Al Ahly hiyo hiyo pale kwa Mkapa, Februari mwaka ule, na Waarabu wakikutaka baada ya kuwaumiza huwezi kumfungia mchezaji mlango. Kosa lilikuja baadaye. Wakaja Peter Banda, Duncan Nyoni, Pape Ousmane Sakho, na sisi tukaanza kazi yetu ya kupanga nani ni Chama na nani ni Miquissone.

Sakho alikuwa mchezaji mzuri, nani atabisha? Bao lake la tikitaka dhidi ya ASEC Mimosas lilichaguliwa na CAF kuwa bao bora la mwaka 2022. Ila Sakho ni mtu wa kuuchukua mpira, kukimbia nao na kumaliza mwenyewe. Chama kazi yake ni kuupunguza mchezo kasi, kusubiri beki akosee hatua moja, halafu kutoa pasi ambayo wewe uliyekaa jukwaani unaiona baada ya yeye kuitoa. Ukimwambia Sakho awe Chama umewaua wote wawili. Januari 2022 Simba ikamrudisha Chama mwenyewe, lakini ubingwa ulikuwa umeshaelekea Jangwani. Miquissone naye akarudishwa 2023. Jina lilikuwa lile lile. Miguu ilikuwa imepita kwenye majeraha na benchi la Cairo, na mwaka uliofuata akaondoka kimya kimya. Hata mchezaji mwenyewe hawezi kuwa yeye wa miaka miwili iliyopita, sembuse mgeni anayeambiwa awe yeye.

Hapo ndipo nakuja kwenye huu mchezo wetu wa kulinganisha. Sisemi tuuache, hauwezekani kuachwa na una raha yake. Nasema tuucheze kwa akili.

Chukua ubishi wa Meddie Kagere na Mayele. Mnyama atakwambia Kagere alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, Mayele hajawahi kuvuka 17, kesi imefungwa. Haijafungwa. Misimu ile ya Kagere ligi ilikuwa na timu 20 na kila timu ilicheza mechi 38. Mayele amecheza ligi ya timu 16, mechi 30. Piga hesabu hata kwa kidole mchangani: mabao 23 ndani ya mechi 38 na mabao 17 ndani ya mechi 30 hayapishani hata robo ya bao kwa mechi. Ukitumia kipimo hicho hicho, mabao 21 ya Aziz Ki, ambaye ni kiungo, ndani ya mechi 30, yangekuwa karibu 27 kwenye ligi ya Kagere. Je, hilo linamfanya Aziz Ki kuwa mfungaji bora kuliko Kagere? Nako taratibu. Aziz Ki alipiga penalti na faulo za timu nzima. Kagere aliishi ndani ya boksi akihudumiwa na Chama na Emmanuel Okwi. Namba inakupa mahali pa kuanzia mazungumzo, basi.

Na kwa nini siku hizi tunamlilia straika wa mabao 20 wakati ligi yetu inatuambia kitu kingine? Msimu wa 2023/24 mfungaji bora alikuwa Aziz Ki kwa mabao 21, akifuatiwa na Feisal Salum wa Azam mwenye 19. Wote viungo. Msimu uliofuata mfungaji bora ni Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Kiungo. Misimu miwili mfululizo kiatu kimekwenda kwa watu wanaoanzia nyuma ya straika. Hii si bahati. Timu nyingi za ligi yetu zikija kwa Mkapa au KMC Complex zinapaki basi, mabeki watano na viungo wanne mbele yao. Namba tisa anakuta msongamano kama wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Anayefunga ni yule anayechelewa kufika, anayekuta mpira uliorudi pale mstari wa boksi, au anayepiga penalti baada ya namba tisa kuangushwa. Namba tisa kafanya kazi, sifa kachukua mwingine. Halafu tunamzomea.

Prince Dube anaijua hiyo vizuri. Alipotua Yanga 2024 alikaa miezi bila bao la ligi, na vijiweni alishapewa mkono wa kwaheri. Desemba akawapiga Mashujaa hat-trick na wale wale waliomtukana wakamuimba.

Kuna aina nyingine ya usajili ambayo tunaishangilia kuliko zote, nao ni usajili wa kukomoana. Julai 2024 Yanga ilipomtambulisha Chama mji ulisimama. Nakiri ilikuwa tamu kuitazama, hata asiye na timu alicheka. Lakini muulize Mwananchi mwenye akili iliyotulia: Chama alikuja kufanya kazi gani? Eneo lile lile lilikuwa tayari na Aziz Ki, Pacome na Maxi. Mtu aliyezoea timu ichezwe kwa mdundo wake alijikuta anasubiri zamu. Aliyetakiwa kuumia alikuwa Simba, na Simba hakuumia. Ilimchukua Ahoua kutoka Stella Adjame, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast msimu ule, ikampa uwanja wote na penalti juu, akawa mfungaji bora wa ligi, na timu ikafika fainali ya Afrika. Kumbe kuondoka kwa Chama kuliwasaidia Simba kuacha kumtafuta Chama.

Na nasema Ahoua hakuwa Chama mpya. Waliojaribu kumwona hivyo walikatishwa tamaa mapema, wakasema hana pasi, anapotea kwenye mechi kubwa. Ni kweli, zile pasi za Chama hana. Ana kingine: anafika kwenye boksi. Kocha Fadlu Davids alijenga timu juu ya hicho alichonacho. Sisi tulikuwa tunamdai asichokuwa nacho.

Nikitakiwa kutaja dirisha bora la usajili nililowahi kuliona nchini, sitafuti mbali, ni la Yanga mwaka 2021. Timu ilikuwa imekaa misimu minne bila ubingwa. Ilikuwa rahisi sana kununua majina ya kupoza mashabiki. Badala yake ikajengwa kutoka nyuma kwenda mbele: Djigui Diarra golini, Djuma Shaban kulia, Yannick Bangala anayeweza kucheza beki na kiungo, Khalid Aucho mbele ya mabeki, Mayele mwisho wa safari. Watu watano, kazi tano, mstari mmoja. Hakuna aliyeambiwa awe fulani mpya kwa sababu hakukuwa na fulani wa zamani wa kumlinganisha naye. Msimu wa 2021/22 Yanga ikabeba ubingwa bila kupoteza mechi.

Wakati timu inaimba Bangala, dirisha dogo la Januari 2022 alisajiliwa beki kutoka KMKM ya Zanzibar anayeitwa Ibrahim Hamad 'Bacca'. Sikumbuki maandamano ya kumpokea uwanja wa ndege. Bangala alipoondoka 2023 kwenda Azam, Bacca alikuwa ameshaiva, na leo ndiye kitasa chenyewe pamoja na Dickson Job aliyetoka Mtibwa Sugar. Djuma naye alipoondoka, Yao Kouassi akaingia kulia. Huku ndiko kusajili. Unamtafuta wa kesho wakati wa leo bado anacheza vizuri, na unamtafuta hata Mwanakwerekwe na Manungu, si Abidjan na Kinshasa tu.

Hili la wazawa linaniuma zaidi. Kanuni inaruhusu wageni 12 na klabu zetu kubwa zinazijaza nafasi hizo kama vile kuna adhabu ukibakisha moja. Msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa ligi alikuwa George Mpole wa Geita Gold, Mtanzania, mabao 17, moja zaidi ya Mayele. Simba haikumchukua. Yanga haikumchukua. Akaenda Lupopo ya DR Congo. Angekuwa ameyafunga mabao hayo kwenye ligi ya Ghana au Zambia, naamini tungelisikia jina lake likipambwa hadi redio zikauke. Clement Mzize alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga 2022, akakaa nyuma ya kila straika mgeni aliyekuja na kuondoka, na msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 na bao la pili la ile Juni 25 ni lake. Hebu jiulize: kama Konkoni angefanikiwa, Mzize angekuwa wapi sasa? Pengine kwa mkopo mahali fulani, akisubiri kuitwa.

Na mgeni akishindwa, haishii pale. Mkataba wa miaka miwili hauvunjwi kwa kuzomewa. Tumeshuhudia klabu zaidi ya moja za ligi yetu zikifungiwa kusajili na FIFA kwa sababu ya wachezaji walioachwa bila kulipwa chao. Yule tuliyempokea kwa ngoma uwanja wa ndege ndiye anayetuma barua kutoka kwao baada ya miezi sita. Pesa hiyo ingelipa mishahara ya timu ya vijana kwa muda gani? Lakini timu ya vijana haina siku ya utambulisho.

Sijasahau makocha. Msimu wa 2024/25 peke yake Yanga ilikuwa nao watatu: Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi. Mchezaji aliyeletwa kwa mipango ya wa kwanza anahukumiwa na wa pili na kuuzwa na wa tatu. Ndiyo maana picha ya aina ya mchezaji anayetakiwa lazima iwe ya klabu, ikae ofisini, kocha aje aikute. Kama picha hiyo haipo, kinachobaki kuwaongoza viongozi ni vipande vya video vya dakika tatu kutoka kwa wakala, na kelele zetu. Kwenye video ya dakika tatu hata mimi na kitambi changu ningeonekana fundi.

Sasa tuyajibu yale maswali mawili ya mwanzo kwa namna nyingine.

Aziz Ki alikuwa anafanya nini pale Yanga? Alipiga penalti na faulo. Alipiga mashuti ya mbali yaliyowatoa mabeki kwenye basi lao. Alipokea mpira katikati ya viungo na mabeki wa upinzani, akavuta watu wawili, Maxi na wenzake wakapata njia. Ya penalti imeshapata mwenyewe: bao la kwanza la Juni 25 ni penalti ya Pacome, na Aziz Ki siku hiyo alikuwa Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Ya kupokea mpira katikati ya mistari Pacome anaiweza akiachiwa, kwa sababu wakati mwingine alisukumwa pembeni ili Aziz Ki apate nafasi. Inayobaki wazi kweli ni ile ya shuti la mbali, na hiyo hata kiungo wa chini anaweza kuifanya. Aucho umri unakwenda. Kama ningekuwa na fungu moja tu la pesa pale Jangwani, ningelipeleka kwenye namba sita kijana mwenye mguu mzito, ningeziba mashimo mawili kwa mkataba mmoja. Najua hilo halitajaza uwanja wa ndege.

Simba je? Turudi kwenye fainali. Kule Berkane mabao yote mawili yaliingia ndani ya robo saa ya kwanza, kabla straika yeyote duniani hajagusa mpira mara tano. Mechi ya marudiano pale Amaan, Joshua Mutale aliifungia Simba mapema, matumaini yakawaka, halafu mara tu baada ya mapumziko Yusuph Kagoma akapewa kadi nyekundu. Mkiwa kumi, mnadaiwa bao, dhidi ya Wamorocco waliozoea fainali hizi. Ikaisha 1-1. Kwa hiyo straika wa mabao 20 angekuwa amefanya nini katika zile dakika 15 za Berkane? Pale walihitajika watu wa kuutuliza mpira ugenini, kiungo anayetaka kupewa pasi wakati uwanja mzima unapiga miluzi, na beki wa kuwapanga wenzake. Watu wa namna hiyo hawana vipande vya video vya kusisimua. Unawaona ukitazama dakika zote 90, na wanaofanya hivyo kwa niaba ya klabu zetu ni wachache mno.

Mayele, nitaje na hili kwa kuwa nitaulizwa, hakuwa bahati nasibu. Juni 2025 alifunga kwenye mechi ya pili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Pyramids wakabeba kombe mbele ya wale wale Sundowns. Ni mshambuliaji mkubwa. Yanga iliendelea bila yeye kwa sababu iliacha kumtafuta, ingawa ilianza kwa kumtafuta.

Kwa huyo atakayekuja kuchukua nafasi ya Aziz Ki, awe nani na atoke wapi, nina ombi moja kwa uongozi wa Jangwani. Msimpe jezi namba 10. Mpeni nyingine yoyote, acheze mechi zake kumi, halafu ndiyo tuanze kumsema.